Lori la jiji hufuata kalenda ya kura

Saa kumi na moja na nusu jioni, kandokando ya Barabara ya Namirembe, Kampala, mama mmoja anatandika kipande cha turubai na kupanga nyanya: nne chini, moja juu, fungu shilingi elfu moja. Pembe zote nne za turubai zina kamba, na kamba zinakutana mkononi mwake. Filimbi ya askari wa jiji ikilia anavuta mara moja tu. Turubai linageuka mfuko, mfuko unapanda kichwani, naye anakuwa mpita njia kama wewe na mimi. Nimemwona akifanya hivyo mara mbili jioni moja. Mara ya pili hakukuwa na askari yeyote. Ni kijana wa boda aliyepiga mluzi kumwita abiria.

Anayefunga kamba namna ile ameshakubali kwamba kesho atafukuzwa, na ameshakubali kwamba kesho kutwa atarudi. Jiji nalo linayajua yote mawili, ila halisemi.

Kwa asiyeifuatilia Kampala: tangu 2011 jiji hili haliongozwi na halmashauri ya kawaida. Marekebisho ya katiba ya 2005 yaliuweka mji mkuu chini ya serikali kuu, na sheria ya 2010 ikaunda Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA kama tunavyoiita sote. Juu kuna meya mkuu anayechaguliwa na wananchi pamoja na madiwani wake. Kando yake kuna mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais, na huyu ndiye mwenye bajeti, wahandisi, askari na malori. Chini yao kuna tarafa tano: Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga, kila moja na meya wake. Nikimwuliza jirani yangu hapa Kisenyi ni nani anayemfukuza mchuuzi, anajibu "KCCA". Nikimwuliza KCCA ni nani, anacheka.

Januari 2022 mamlaka iliwapa wachuuzi muda wa kuondoka barabarani, na muda ulipokwisha ikawaondoa. Kwa majuma kadhaa katikati ya mji palipitika. Ulitembea kutoka kituo kikuu cha taksi hadi Wandegeya bila kukanyaga soksi za mtu. Kisha wakaanza kurudi: kwanza giza likiingia, halafu jioni, halafu mchana kweupe kwenye kona ambazo gari la askari haligeuki kirahisi.

Niseme ukweli, hoja za jiji ni nzito kuliko tunavyopenda kukubali sisi tunaowahurumia wachuuzi. Chukua hiyohiyo Namirembe na jirani yake Luwum. Jiji lilijenga pale njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, jambo ambalo Kampala ilikuwa haijawahi kulifanya kwa dhati. Mtu wa miguu, ambaye katika mji huu ni wa mwisho baada ya prado, taksi na boda, akapata mahali pake. Haukupita muda, mahali pake pakajaa viatu vya mitumba. Mama mwenye mtoto mgongoni anateremka tena barabarani kukwepana na pikipiki, kama zamani. Nani anamtetea huyo? Hana chama, na hawezi kuandamana eti kwa kuwa amekosa pa kupitisha miguu.

Kuna pia mwenye meza. Ndani ya soko la Nakasero na ndani ya lile la Owino, ambalo kwa jina la kwenye karatasi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, watu wanalipa ushuru wa meza na leseni. Mwenye turubai anakaa nje ya lango, halipi ushuru huo, na mteja anamkuta yeye kwanza. Ukimwambia mwenye meza kwamba kumfukuza mchuuzi ni ukatili, atakuuliza kama wewe utakubali mtu afungue duka mlangoni pako. Sijampatia jibu zuri hadi leo. Mvua ikinyesha ndipo unapoona kaveera, mifuko ya plastiki, na mabaki ya mboga vikielea kuelekea mfereji wa Nakivubo, na maji yanaingia madukani. Ila hapo wachuuzi wanabebeshwa na taka za wengine. Mji mzima unatupa kaveera.

Sasa geuza upande. Jiji linasema: sokoni kuna nafasi, nendeni. Na ni kweli masoko yapo. Wandegeya lilijengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, la ghorofa na zuri. Huku kwetu kuna Soko la Usafi, jina la Kiswahili kabisa katikati ya Kampala, ambako wachuuzi walioondolewa barabarani walipelekwa. Wengi walikaa siku chache, wakahesabu walichouza, wakarudi walikotoka. Jiji linaita huo ukaidi. Mimi naita hesabu.

Mteja wa yule mama wa nyanya ni fundi anayetoka Industrial Area, eneo la viwanda, kwa miguu kwenda kupanda taksi, yaani daladala, ya Nansana, nje ya jiji. Ana shilingi elfu mbili za mboga na dakika tatu. Hatapanda ngazi. Hataingia sokoni kwa sababu ya fungu moja. Atanunua kitu kilicho kati ya mguu wake na mlango wa taksi, na kama hakipo hatanunua Kampala. Atanunua Nansana akifika. Biashara ya barabarani haiibi mteja wa sokoni kila mara. Mara nyingi inauza dakika tatu ambazo soko haliwezi kuziuza. Ukimhamisha mama huyo kwenye meza ya ghorofa ya pili hujampa mahali pa biashara, umempa mahali pa kukaa.

Halafu kuna jambo ambalo wenye akeedi, yale majengo ya maduka yaliyobanana kuanzia Kikuubo kwenda juu, hawalipendi likisemwa. Si siri mjini kwamba baadhi ya mashati yanayouzwa nje kwenye turubai yametoka ndani ya duka lililo nyuma ya turubai. Mwenye duka analalamika mchana kwamba wachuuzi wanamwua, na jioni anamkabidhi kijana mzigo akauze mlangoni. Simlaumu sana, kodi za akeedi ni kali. Lakini tukisema "wenye maduka dhidi ya wachuuzi" kana kwamba ni timu mbili uwanjani, tunajidanganya.

Kwa hiyo kila upande una haki yake. Kinachonisumbua ni jinsi jiji linavyoamua ni haki ya nani itakayosikilizwa mwaka huu.

Tazama tarehe. Jennifer Musisi, mkurugenzi wa kwanza, alitoka mamlaka ya mapato akaanza kazi Aprili 2011, uchaguzi umekwisha. Wachuuzi wakaondolewa kwa nguvu ambayo mji haukuwa umeizoea, na wakati huohuo makusanyo ya jiji yakakua sana na barabara zikatengenezwa. Erias Lukwago, wakili aliyechaguliwa meya mwaka huohuo, alisimama upande wa waliofukuzwa. Ugomvi ukakua mpaka madiwani wakapiga kura ya kumwondoa Novemba 2013. Wapiga kura wakamrudisha 2016, na chama tawala kikashindwa vibaya Kampala. Baada ya hapo mkono ukalegea. Barua ya Musisi ya kujiuzulu, Oktoba 2018, ililalamikia bajeti ndogo na siasa za kuwabembeleza wapiga kura. Uchaguzi mwingine ukaja Januari 2021. Malori yakarudi Januari 2022.

Wapo watakaosema ni bahati tu. Mimi naona utaratibu: kura zikikaribia barabara inafunguka, kura zikiisha filimbi inalia. Mchuuzi anajifunza kwamba sheria ni msimu, kama nsenene, wale panzi tunaowala. Mwenye meza sokoni anajifunza hivyohivyo, naye baadhi ya miezi anaacha kulipa, akatoa bidhaa nje.

Muundo wa jiji unachangia, na hapa pande zote mbili za ule ubishi wa zamani zina sehemu ya ukweli. Wanaomtaka mteule wa rais wanasema mtu anayetafuta kura hawezi kumwambia mchuuzi ondoka. Kweli. Wanaomtaka mchaguliwa wanasema mtu asiyetafuta kura hana sababu ya kumsikiliza mchuuzi. Kweli pia. Tumewaweka wote wawili katika jengo moja, na kila mmoja ana wa kumwelekezea kidole. Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Septemba rais akamfuta kazi mkurugenzi Dorothy Kisaka pamoja na naibu wake na mkuu wa afya. Uwajibikaji ulikuja, lakini kutoka juu. Mkazi wa Kiteezi hakuwa na karatasi ya kura iliyomgusa yeyote kati ya hao. Kiteezi yenyewe iko Wakiso, nje ya Kampala, na ilikuwa ikipokea taka za Kampala tangu 1996. Hata wachuuzi wengi ni watu wa Wakiso: wanalala kule, wanapiga kura kule, wanafukuzwa huku. Sensa ya 2024 ilihesabu takriban watu milioni 1.8 Kampala na zaidi ya milioni 3.4 Wakiso. Mji wa usiku na mji wa mchana ni miji miwili, na meya anachaguliwa na ule wa usiku.

Majirani zetu Watanzania wamepita njia hii. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwapa wamachinga vitambulisho vya shilingi 20,000 na kuwaacha wafanye biashara. Barabara za Kariakoo zikajaa. Oktoba 2021, chini ya Rais Samia, wakaanza kupangwa upya na vibanda vikavunjwa. Kabla ya yote hayo Dar es Salaam ilikuwa imejenga Machinga Complex pale Ilala, vizimba vikakaa vitupu muda mrefu. Inafanana mno na Usafi. Ila wenzetu walifanya jambo moja ambalo sisi hatujalifanya: walimwandika mchuuzi jina, hata kama waliandika vibaya.

Sheria yetu ya leseni za biashara ya 1969 inamtambua mchuuzi wa kutembeza. Kwa hiyo si haramu kwa asili yake. Jiji linaweza kumpa leseni, mtaa na saa. Barabara chache zitajwe kwa jina, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku, upande mmoja tu, ule wa pili ubaki wa miguu. Asubuhi wazoe taka zao.

Nilidhani wenyeviti wa LC1, baraza la mtaa, ndio wa kuandikisha watu. Wanajua nani amelala wapi, na tuliwachagua 2018 kwa kujipanga mstari nyuma yao, mara ya kwanza tangu 2001. Rafiki yangu mmoja wa Rubaga akanikata: mwenyekiti wa eneo la katikati ya mji anawajua walinzi na wenye majengo, si wachuuzi wanaotoka Nansana. Ana haki. Wenye kujua ni wachuuzi wenyewe. Kama steji ya boda ilivyo na mwenyekiti wake, kila mstari wa turubai una mtu anayejua nani hukaa wapi na nani amekuja juzi. Hatari iko wazi: mtu huyo akipewa daftari, kesho anauza nafasi. Naijua hatari hiyo na bado naiona ndogo kuliko ya filimbi, maana daftari linaweza kubandikwa ukutani watu wakalisoma.

Nilimwuliza yule mama kama angelipa leseni. Ni mtu wa Bwera, kule mpakani na Kongo, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili bila taabu. Aliendelea kupanga nyanya.

"Ya siku nzima sitaki, mwanangu. Mimi nauza masaa mawili. Wanilipishe masaa mawili."