Ya Miezi 36 Msiikune

Mara ya kwanza kung'ata Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya Kiitaliano, nilidhani nimeuma mchanga. Sisi tuliokulia nyumba ambako mchele hupetwa na kuchaguliwa kwenye ungo, jino likigonga kitu kigumu, jicho linamwendea aliyepika. Nikamtazama shemeji, aliyeniletea kipande kile kutoka Italia. Akacheka, akasema nitafune tu.

Vile vipunje vyeupe si mchanga, wala si chumvi kama wengi wanavyodhani. Ni tirosini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini ya maziwa. Gurudumu moja la jibini hiyo, la kilo 40 hivi, humeza lita zipatazo 550 za maziwa, kisha hulazwa ghalani miezi 12 kwa uchache. Humo vimeng'enya huivunja protini polepole na tirosini hubaki huru. Maji haikubaliani nayo sana, na jibini yenyewe inazidi kukauka, basi inaganda kuwa fuwele. Ikifika miezi 24 au 36 unazisikia kila unapotafuna. Jina la tirosini pia limetoka humohumo: mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig aliipata kwenye protini ya jibini mwaka 1846, na kwa Kigiriki jibini ni tyros.

Jibini ya Cheddar nayo ina fuwele zake, mara nyingi za kalsiamu laktati, zinazotanda juu kama vumbi jeupe. Watu huitupa wakidhani imeota ukungu. Iguse kwanza: ukungu ni laini kama pamba, fuwele hukwaruza kidole. Ndiyo dhuluma ileile anayofanyiwa asali, ikiganda chupani mtu anaapa imetiwa sukari!

Ila ugomvi wangu hasa ni na wakunaji. Ukitaka unga wa kunyunyizia makaroni, nunua ya miezi 12, ambayo fuwele zake ni chache na bei yake ina huruma kidogo. Ya miezi 36 kuipeleka kwenye kikunio, kama nazi kwenye mbuzi, ni kusaga kilekile ulicholipia. Waitaliano wana kisu kifupi chenye umbo la lozi, na hawakati nacho. Wanakichomeka, wanabanjua, jibini inapasuka inapotaka yenyewe, punje zinabaki nzima.

Kipande cha shemeji tulikimaliza jikoni tukiwa wima, maji ya makaroni hayajachemka.