Punguza tanga kabla baridi haijakugusa

Kuna kauli inayonichefua kila inaporudiwa kwenye magati ya Entebbe na Munyonyo, kwetu Uganda kwenye Ziwa Victoria: "Hili ni ziwa tu, si bahari." Mara nyingi anayeisema ana tanga la mbele kubwa kama hema la arusi, na hajui mkunjo wa pili wa kupunguzia tanga kuu unafungwa wapi.

Ziwa tu! Kilomita za mraba zipatazo 68,800, kina cha wastani mita 40 hivi, na wimbi ni fupi, limesimama wima, na la pili linafika chombo hakijainuka kutoka la kwanza. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote ukakutana ziwani, hewa ikapanda, radi zikaanza. Kwetu kaskazini-magharibi mambo huchafuka sana kuelekea alfajiri. Upepo unakufa ghafla, kisha ubaridi unakupiga usoni kabla ya tone la kwanza. Ukianza kutafuta kamba wakati huo, umeshachelewa. Upepo ukipanda kutoka kilomita 28 kwa saa hadi 56, nguvu yake kwenye tanga ni mara nne. Haya, tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kidogo, unapata nafuu ya asilimia kumi hivi. Hongera.

Sasa hili tanga la mbele la kuviringisha. Wauzaji wanasema moja linatosha hali zote: vuta kamba, viringisha nusu, endelea. Uongo mtamu. Tanga lile limeshonwa na tumbo katikati. Ukiliviringisha, kitambaa cha katikati kinabaki kimelegea na tumbo linazidi kuwa kubwa wakati unalitaka bapa. Nguvu inapanda juu, chombo kinalala ubavu na kusukumwa kando badala ya kwenda mbele. Na vyote vinaning'inia kwenye kamba moja nyembamba iliyosuguliwa miezi kwenye kapi. Ikikatika, tanga zima linafunguka dhorubani. Nakubali, ukiwa na sponji iliyoshonwa ukingo wa mbele, theluthi ya kwanza inaviringika vizuri. Baada ya hapo unahitaji tanga dogo halisi, la kitambaa kizito, lenye waya wake wa kulipandishia, na liwe limefungwa tayari kabla jua halijazama.

Kwa tanga kuu, mpangilio ndio kila kitu. Kaza kamba inayoshikilia bumu, ile boriti ya chini ya tanga kuu, kutoka juu, la sivyo bumu litakuangukia. Legeza demani, yaani kamba ya kuvutia tanga kuu, na kamba inayovuta bumu chini. Teremsha henza, kamba ya kupandishia tanga, hadi alama uliyoichora, tia pete ya pembe ya mbele kwenye ndoano, kisha kaza henza mpaka ukingo wa mbele unyooke. Hapo tu ndipo unavuta pembe ya nyuma, kuelekea nyuma na chini, hadi iguse bumu. Ukianza na pembe ya nyuma unaichana pete ya mbele. Vile vikamba vya katikati ni vya kukusanya kitambaa kilicholegea, basi; vifunge kwa wepesi, na siku ya kukunjua vifungue kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Lipi lipunguzwe mwanzo? Waya wa mbele unaoshikilia mlingoti ukifika kileleni mwake, anza na tanga la mbele. Ukiishia chini ya kilele, anza na tanga kuu. Ukishika usukani kwa mikono miwili na chombo bado kinang'ang'ania kugeukia upepo, tanga kuu limezidi. Usukani uliopindwa hivyo ni breki.

Wanaosema "nitakunja yote niwashe injini" wakumbuke nyavu zilivyotapakaa kati ya Entebbe na visiwa vya Ssese, tayari kunasa panga la injini. Kukimbia na upepo nako kuna mwisho, maana mwambao uko karibu. Nafasi ikiwepo, simamisha chombo: tanga dogo la mbele livutwe upande wa joshi, unakotoka upepo, tanga kuu kwenye mkunjo wa pili, mkono wa usukani ufungwe upande wa pili, unakoelekea upepo.

Na kagua nyuzi. Jua letu la ikweta linakula mshono kabla ya kitambaa: kwaruza kwa ukucha, uzi ukikatika tanga liende kwa fundi. Fundi wa maturubai mjini Kampala anaweza kuongeza mkunjo wa tatu, mradi umpe uzi wa poliesta unaostahimili jua na umsimamie kwenye viraka vya pembe, tabaka nne au tano, si moja.