Nyanya zikishaoza serikali isisubiri mtu augue

Kuna watu wakisikia serikali imekamata matunda yaliyooza wanasema wafanyabiashara wanaonewa, mi nakataa kabisa, na sababu zangu naziona vizuri Marekani ya 1906, mwaka ambao Rais Theodore Roosevelt alisaini sheria ya vyakula na dawa ikaanza kazi Januari 1, 1907.

Ile sheria ilikuwa na kipengele nakipenda sana: chakula kikiwa kichafu au kimeoza, hata sehemu yake tu, hakifai, basi. Serikali haikulazimika kuleta mahakamani mtu aliyeharisha. Linganisha na Coca-Cola, mapipa 40 na vipipa 20 vilikamatwa 1909 kwa sababu ya kafeini, pale ilibidi wabishane inadhuru au haidhuru mpaka wakafika Mahakama ya Juu 1916. Miaka saba jamani! Nyanya mbovu zingesubiri ubishi kama huo si watu wangeshazila zote?

Halafu kinachoshtakiwa ni mzigo wenyewe, ndo maana kesi zinaitwa Marekani dhidi ya mapipa kadhaa. Mzigo unashikiliwa, mwenyewe akitaka aje aupiganie, akishindwa unaharibiwa. Ni ukali ndio, ila angalia faini: kosa la kwanza la kusafirisha chakula kibovu toka jimbo moja kwenda lingine ilikuwa mwisho dola 200, kiwanda kikubwa kililipa na kuendelea kama kawaida. Kuchukuliwa mzigo mzima ndo kunauma.

Tunda bovu likiwa halijapikwa unaliona, unaliacha hapohapo mezani kwa muuzaji. Balaa ni likishapikwa. Kuna viwanda vilikuwa vinapika tomato sosi kwa maganda na mabaki ya nyanya za kopo, yamekaa mpaka yamechacha, wanatia siki, sukari, viungo na benzoeti, yaani dawa ya kuzuia kuoza, ulimi haugundui kitu. Burton Howard, aliyekuwa Ofisi ya Kemia, ofisi ya serikali ya Marekani iliyopima vyakula chini ya mkuu wake Harvey Wiley, akaja na njia yake: unaweka tone la sosi kwenye hadubini, unahamisha jicho sehemu moja baada ya nyingine, unahesabu ni ngapi zina nyuzi za ukungu. Moto unaua ukungu lakini nyuzi zinabaki, na hakuna kiungo cha kuzifuta. Huo ndo ushahidi ninaoutaka mimi.

Ila kuna sehemu sikubaliani nayo hata kidogo. Mwenye mzigo aliruhusiwa kulipa gharama za kesi, aweke dhamana, arudishiwe mali yake kwa ahadi kwamba hataiuza kinyume cha sheria. Matunda ya tini yenye wadudu sawa, utakaa uchambue, nzuri huku mbovu kule, lakini sosi ambayo uozo umeshapikiwa ndani yake utachambua nini? Ile ilitakiwa imwagwe yote, afisa akiwa amesimama palepale anaangalia, siku hiyohiyo hukumu inatoka.