Alisema anauchukia mchezo, sisi tukajadili adabu yake

Kwetu Kigoma barafu tunaijua ya aina mbili. Ipo ya ubuyu, ile ya kwenye vifuko, watoto wanaitoboa pembeni kwa jino na kuinyonya wakitoka shule. Na ipo ya mapande makubwa pale Kibirizi, inayopondwa kwa nyundo na kumwagiwa samaki wa migebuka ili wasafiri bila kuharibika. Sijui mtu hata mmoja niliyekua naye aliyewahi kusimama juu ya barafu na viatu vyenye makali ya chuma. Lakini wiki hizi watu wa barafu ya ubuyu na migebuka tumekaa kitako tukimhukumu msichana wa Kirusi, na hukumu ile imenikera kiasi kwamba nimeona niandike.

Msichana mwenyewe ni Alexandra Trusova. Kipande chake cha video, cha zamani sasa, kimerudi kuzunguka kwenye simu za watu hapa mjini. Ni cha Beijing, Februari 17, 2022, usiku wa fainali ya wanawake ya kuteleza kwenye barafu katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alikuwa na miaka 17. Alama zimetoka, amekuwa wa pili. Kocha anataka kumkumbatia, anamkwepa. Wanja umechuruzika mpaka mashavuni. Na anasema, kwa sauti ambayo haihitaji kujua Kirusi ili uielewe, kwamba anauchukia mchezo huu, kwamba hatakanyaga tena barafu, kwamba kila mtu ana dhahabu, yeye tu ndiye hana.

Nilioneshwa nikiwa Kibirizi kwa mama mdogo, pembeni ya vichanja vya dagaa. Wingu lilikuwa limeshuka upande wa Kongo na wote tulikuwa tunakimbizana kufunika kwa turubai. Kazi ilipotulia simu ikapita mkono kwa mkono, na maneno yakaanza. Kijana mmoja mbeba mizigo akasema, "Fedha ya Olimpiki hiyo! Mimi ningelala nayo kitandani." Mwingine akasema binti amedekezwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, mtu wa Ujiji, akatikisa kichwa na kutoa ile methali ya siku zote: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Methali hiyo nimeisikia tangu shule ya msingi. Sikumbuki hata mara moja nikiisikia kutoka kwa aliyeshindwa. Huwa inasemwa na aliyeshinda, au na mgeni rasmi aliyekaa kivulini kwenye kiti cha sofa huku wachezaji wamesimama juani.

Mama mdogo hakutoa hukumu. Aliishika simu kwa vidole vyenye magamba ya dagaa, akaitazama mpaka mwisho, akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Nilipofika nyumbani Mwanga, hapahapa mjini, nikatafuta, na nikakuta Trusova mwenyewe alikwishajibu usiku uleule. Waandishi walimuuliza kwa nini alilia. Akasema alitaka kulia, basi akalia, na kwamba alikuwa na wiki tatu yuko peke yake, bila mama yake, bila mbwa zake. Ulikuwa wakati wa Uviko, na China haikuruhusu watazamaji kutoka nje ya nchi. Mama mdogo, ambaye hajui Olimpiki ya baridi ni kitu gani, aliuliza swali lililokuwa na jibu. Sisi wengine tulikuwa tunahakiki malezi.

Trusova akaeleza na jingine, na hili ndilo ningependa kila aliyemsema vibaya alisikie. Alisema kwa miaka mitatu hakuwa ameshinda shindano lolote kubwa. Kila mara alijiwekea lengo la kuongeza miruko migumu zaidi, akiamini siku atakayoimudu yote ndiyo siku atakayoshinda. Siku hiyo ikafika. Aliimudu. Hakushinda.

Mruko wenyewe ni wa kuzunguka mara nne angani na kutua kwa mguu mmoja, kwa kurudi nyuma, juu ya ukingo mwembamba wa chuma. Mjapani Miki Ando alikuwa mwanamke wa kwanza kuufanikisha katika mashindano, mwaka 2002, na baada yake ilipita miaka mingi hakuna mwanamke mwingine aliyeuweza. Trusova alianza kuufanya mashindanoni akiwa na miaka 13. Beijing aliruka mitano katika onyesho moja la dakika nne. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo kwenye Olimpiki kabla yake.

Sasa, wapo waliomtetea kwa kusema majaji walimdhulumu. Siko nao. Alama ziko wazi. Usiku ule wa mwisho yeye ndiye aliyepata nyingi kuliko wote, 177.13. Kilichomponza ni onyesho fupi la siku mbili kabla, alipoanguka kwenye mruko na kubaki nafasi ya nne. Ukijumlisha, Anna Shcherbakova alimpita kwa pointi 4.22. Kanuni hazihesabu miruko peke yake, zinahesabu na namna mtu anavyoubeba muziki mwilini, na hapo Anna alikuwa mbele. Mashabiki wengine waliyachukua maneno ya Trusova wakayafanya fimbo ya kumchapia Anna, msichana wa umri uleule, aliyeshinda kihalali na ambaye usiku ule alisema ndani yake kulikuwa na furaha na utupu pamoja. Huko si kumtetea mtu.

Kwa hiyo majaji walikuwa sahihi, na bado Trusova alikuwa na haki ya kusema alichosema. Mambo hayo mawili hayagombani. Watu wa hapa kwetu wanaona kana kwamba ukikubali matokeo ni lazima na ulimi uufunge.

Niseme kwa nini hili linanigusa. Mimi nilicheza netiboli, nilikuwa mfungaji wa timu ya shule. Mwaka wangu wa kidato cha tatu tulifika fainali, wilaya ya jirani. Tulipakiwa kwenye Fuso, tukalala sakafuni darasani, na kwa siku mbili tuliambiwa fedha ya chakula haijafika. Asubuhi ya fainali tulipewa mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, vipande viwili kila mmoja. Tukafungwa kwa goli moja. Mtupo wa mwisho ulikuwa wangu. Mpira ulizunguka kwenye ringi, ukatoka.

Mtu mmoja mwenye kinasa sauti alinifuata nikiwa bado nahema. Nikamwambia sitaki tena kuuona mpira ule maisha yangu yote. Nikamwambia tumecheza na njaa, wanataka tushinde kwa kula nini.

Maneno yalirushwa usiku. Kesho yake nilikuwa mtoto aliyetia aibu shule. Baba aliulizwa na wenzake msikitini kama amenilea au nimejilea mwenyewe. Niliitwa ofisini, nikapewa karatasi yenye mistari na kalamu ya bluu, nikaelekezwa cha kuandika. Nakumbuka kichwa cha ile barua kilipaswa kupigiwa mstari kwa rula: YAH: KUOMBA RADHI KWA UTOVU WA NIDHAMU. Rula iliteleza, mstari ukapinda, nikaambiwa nirudie. Niliandika mara tatu.

Katika mazungumzo yote yale, ya ofisini, ya nyumbani, ya njiani, hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza habari za chakula. Nilikuwa nimesema sentensi mbili, moja ya hasira na moja ya njaa. Wakaichukua ya hasira, wakaifungulia kesi, na ile ya njaa ikapita katikati yao kama haikusemwa. Mwaka uliofuata wadogo zangu walienda, wakarudi wakisimulia mihogo.

Ndiyo maana simwamini mtu anayeanza na adabu. Mara nyingi adabu ni mlango wa uani, mtu anaupitia ili asikutane na jambo lenyewe.

Na kwa Trusova jambo lenyewe lilikuwepo, kubwa. Wasichana watatu wa kocha mmoja, Eteri Tutberidze, walikuwa kwenye barafu usiku ule. Wa tatu, Kamila Valieva, alikuwa na miaka 15, na kipimo chake cha Desemba 2021 kilikutwa na dawa ya moyo iliyopigwa marufuku michezoni. Aliruhusiwa kuendelea huku dunia nzima ikimtazama, akaanguka tena na tena, akamaliza wa nne. Mwanamke mzima angeshindwa kuubeba mzigo ule. Ndani ya hali hiyo, anatokea msichana mmoja anasema kwa sauti, nauchukia mchezo huu. Badala ya kuuliza mchezo huu unawafanya nini watoto, mashabiki wengi waliuliza kwa nini haoni aibu mbele ya kamera.

Waliouliza lile swali la kwanza walipata kitu cha kufanya. Juni 2022, miezi minne baadaye, chama cha kimataifa cha mchezo huo kilipiga kura ya kupandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17. Na ile dhahabu ya mashindano ya timu, waliyoipata Warusi katika Olimpiki hiyohiyo, ambayo Valieva aliisaidia kupatikana na Trusova hakupangwa kuicheza, nayo haikudumu. Valieva alifungiwa, matokeo yake yakafutwa Januari 2024, na dhahabu ikaenda kwa Wamarekani. "Kila mtu ana dhahabu," alisema mtoto wa watu akilia. Moja kati ya hizo alizozililia ilikuwa haina miguu.

Nilirudi Kibirizi siku ya pili na video nyingine. Nilitaka kuwajaribu, nakiri. Niliwaonesha Surya Bonaly, Mfaransa mweusi mzaliwa wa Nice, naye wa mchezo huohuo. Mwaka 1994, mashindano ya dunia kule Chiba, Japani, majaji watano kwa wanne walimpa ushindi Yuka Sato. Bonaly hakutaka kupanda jukwaani, akasimama pembeni. Walipomvisha medali ya fedha akaivua shingoni. Ukumbi ukamzomea. Miaka minne baadaye, kwenye Olimpiki ya Nagano, akiwa ameumia na hana tena matumaini ya medali, alipinduka sarakasi ya kinyumenyume juu ya barafu na kutua kwa mguu mmoja, kitu kilichokuwa marufuku tangu miaka ya 1970. Alijua atakatwa alama. Tangu 2024 sarakasi ile inaruhusiwa.

Vijana wa mizigo walipiga kelele za furaha. "Huyo ndiye!" Yule wa kulala na medali kitandani akataka arudishiwe mara tatu ile sehemu ya kuivua medali. Mzee wa Ujiji akasema dada yule ana msimamo. Nikawauliza, tofauti yake na yule wa jana ni nini? Huyu kavua fedha mbele ya dunia, yule kailaumu tu kwa mdomo, kisha akaenda akasimama akavishwa. Palikuwa na ukimya kidogo. Mzee akasema, "Huyu alionewa." Labda. Rangi yake ilikuwa sehemu ya hadithi, na sisi tunaijua hadithi hiyo bila kufundishwa, nami ninampenda Bonaly kwa moyo wote. Lakini Chiba ile, siku ile, waliokuwa wamekaa vitini walimzomea kwa sababu zilezile: hana adabu, hana shukrani, hakubali kushindwa. Miaka 30 imepita ndiyo tunampigia makofi.

Kuna jambo jingine dogo linaloniudhi. Sisi haohao, tukitoka uwanja wa Lake Tanganyika, tunawacheka wachezaji wetu wa mpira kwa majibu yao redioni. Kila mtu hapa anaweza kuyaigiza: kwanza namshukuru Mungu, mechi ilikuwa ngumu, wenzetu wametumia nafasi waliyoipata, tunarudi kujipanga. Tunasema hawana jipya, wamekaririshwa. Watakuwaje na jipya? Wanajua bei yake. Mchezaji akisema mshahara haujaingia, kesho ni mtovu wa nidhamu. Akisema amechoka, ni mvivu. Anajifunza zile sentensi nne, anazishika kama dua, na sisi tunalalamika kwamba hatumjui.

Simwambii mtu kwamba kila neno la hasira ni zuri. Mchezaji akimtukana mwenzake, aambiwe. Akimdhalilisha mwamuzi, aadhibiwe. Trusova hakumtukana mtu. Alisema anachukia, na akasema hatarudi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi kwenye barafu chini ya kocha mwingine. Mimi pia nilirudi kucheza. Maneno ya dakika ile ni jasho, yanatoka kwa sababu mwili umefika mwisho. Ila jasho nalo linaonesha mtu alikuwa amebeba nini, ukitaka kuangalia.

Jana jioni mtoto wa kaka yangu, wa miaka tisa, alinikuta barazani nikiandika haya. Mdomo mwekundu wa barafu ya ubuyu. "Shangazi, huyo analia nini?" Nikaona nisimwoneshe kile kipande cha kilio. Nikamtafutia onyesho lote, zile dakika nne, ambazo wengi waliomsema hawakuzitazama. Akasogea, akawa anahesabu kwa vidole vinavyonata kwenye kioo cha simu. Moja. Mbili. Katikati akapotea hesabu kwa sababu alikuwa amesahau kupumua, akaniomba nirudishe mwanzo.