Nusu saa kwenye bodega haitoshi
Makala moja inadai wanafunzi walio ziarani Kuba wakipita bodega ya Havana kwa nusu saa watayaelewa maisha ya Wakuba. Si kweli. Bodega ni duka la mgao: tangu 1962 kila kaya ina daftari lake, libreta, na muuzaji huandika humo kila kinachochukuliwa. Bidhaa haziji kwa pamoja, leo mchele, sukari baadaye sana, kwa hiyo mgeni huweza kukuta rafu tupu asielewe kitu. Afadhali walale casa particular, yaani nyumba ya mwenyeji anayekodisha vyumba kwa wageni, mwenyeji huyo awafungulie daftari lake na kuwaonyesha mkate wa mgao, uliopunguzwa 2024 kutoka gramu 80 hadi 60. Na bodegani wasiingie ishirini kwa mpigo, foleni ya wenyeji inakwama. Wanne wanne wanatosha. Kuna aliyeona ratiba ya ziara inayosubiri siku ya mzigo kufika?