Tunda la hothoni na vidonge vya ami

Ami alinionyesha kichupa kwanza, salamu zikafuata. Tulikuwa barazani kwake, hapa Malindi, baada ya swala ya alasiri. Kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha kijani, hakina karatasi wala tarehe, na ndani mna unga wa hudhurungi unaonukia kidogo kama tofaa lililokaushwa. "Hii ndiyo ya moyo," akasema. "Kijiko asubuhi, kijiko usiku. Vile vidonge nimevipumzisha."

"Tangu lini, ami?"

"Tangu mwezi ule."

Aliyemuuzia alimwambia ni tunda la hothoni. Kiswahili hakina jina lake kwa sababu mti wenyewe hatunao. Ni kichaka cha miiba cha nchi za baridi, ukoo mmoja na mtofaa na mwaridi, na mbegu zake hazichipui mpaka zipitiwe na miezi ya baridi kali. Waarabu huliita zaarur. Waitaliano huuita mti wake biancospino, na hilo ndilo jina alilolijua ami, maana aliwahi kumpikia mzee mmoja wa Kitaliano aliyekuwa akinywa matone yake kila usiku. Kwa hiyo muuzaji alipolitaja, kwa ami halikuwa jambo geni. Lilikuwa dawa ya wazungu wenye akili zao.

Na si uongo mtupu. Majani, maua na matunda ya hothoni yana kemikali ambazo maabara zimeonyesha hulegeza mishipa ya damu na kuongeza kidogo nguvu ya pigo la moyo. Ujerumani, kamati ya serikali ya mitishamba ilipitisha mwaka 1994 matumizi ya majani pamoja na maua yake kwa moyo uliodhoofika kidogo. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima majaribio ya tiba kwa pamoja, yalikusanya majaribio 14, yakaona wagonjwa ambao moyo wao unashindwa kusukuma damu sawasawa walipata nafuu ya uchovu na ya kukatika pumzi walipoongezewa hothoni, kuliko wenzao waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Mtu akicheka mitishamba yote kwa pamoja, matokeo haya hayajui.

Ila soma tena hayo niliyoandika. Majani na maua. Matunda peke yake kamati ile ya Ujerumani haikuyapitisha. Majaribio makubwa nayo yalitumia kiini kilichotolewa kwenye majani na maua kiwandani, kikakaushwa na kupimwa ili kila kidonge kiwe na kiasi kilekile. Unga wa kijiko wa ami ni kitu kingine kinachotumia jina lilelile. Halafu katika mapitio yale hothoni ilikuwa mara nyingi nyongeza juu ya dawa za hospitali. Hakuna aliyesema vidonge vipumzishwe.

Mwaka huohuo wa 2008 yakatoka pia matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa 2,681 waliokuwa tayari kwenye dawa. Nusu yao walipewa hothoni, miligramu 900 kwa siku, kwa miaka 2. Vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na kulazwa, vikijumlishwa, havikupungua kwa kiasi cha kuridhisha. Mwaka 2009 Marekani nayo ikatoa matokeo ya wagonjwa 120 walioitumia miezi 6, na hawakuweza kutembea mbali kuliko wenzao. Mimi nayasoma hivi: majaribio mengi ya zamani yalifanywa dawa za kisasa za moyo hazijaenea, na mtu ambaye tayari anazo, hothoni haina nafasi kubwa ya kumwongezea kitu.

Tena ugonjwa wa ami si huo. Sisi tukisema "moyo" tunatia kapu moja moyo uliochoka, mishipa iliyoziba, mapigo yanayokwenda mbio na hata huzuni. Ami ana presha. Kuhusu presha, jaribio ninaloliamini zaidi lilifanyika Uingereza mwaka 2006 kwa wagonjwa 79 wa kisukari, miligramu 1,200 kwa siku kwa wiki 16. Namba ya chini ilishuka kwa karibu 2.6. Namba ya juu haikutofautiana na ya wenzao. Kidonge kimoja cha kawaida cha presha hushusha namba ya juu kwa karibu 9. Anayetaka mmea wenye ushahidi wa karibu na huo basi anywe chai ya rosela, ile ambayo Unguja wanaiita choya: mwaka 2010 watu 65 walijaribiwa Marekani, na waliokunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6 walishuka 7.2 kwa namba ya juu. Na rosela ukiinunua unaiona ni maua. Hothoni ya unga hujui ni nini.

Hilo la kutojua ndilo linalonitia hofu kuliko mengine yote. Mwaka 2023 Marekani walipima bidhaa zilizouzwa mtandaoni kama mizizi ya hothoni ya Meksiko, ya kupunguza unene. Katika 10 za kwanza, 9 zilikuwa mti mwingine kabisa: ule wa maua ya manjano yaliyofanana na tarumbeta, wenye utomvu mweupe, ambao hata huku Pwani hupandwa uani kwa urembo. Sumu yake hushika moyo moja kwa moja. Sisemi kichupa cha ami kina sumu. Nasema mimi na yeye, tukikikodolea macho barazani, hatuna namna ya kujua.

Ami naye ana hoja zake, na nilizisikiliza. Kidonge cha kwanza kilimpeleka msalani usiku kucha. Walipokibadilisha, miguu ikavimba mpaka makubadhi yakambana. Zahanatini wakati mwingine huambiwa dawa zimekwisha, akanunue, na pensheni haitoshi. Na kule foleni ni ya asubuhi nzima kwa mazungumzo ya dakika tatu, ilhali muuzaji wa unga alikaa naye, akamuuliza analalaje, anakula nini, mkewe hajambo. Hoja hiyo ya mwisho sina jibu lake. Daktari anayekufahamu kwa jina, hata mimi ningemfuata.

Lakini presha haiumi, na hapo ndipo inapomchezea mtu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Kenya ana presha, na wengi wao hawakuwa wakijua. Ami kujisikia mzima hakunithibitishii chochote. Alijisikia mzima pia siku ile alipogunduliwa.

Nilimwomba kitu kimoja tu, tukapimwe. Siku ya pili muuguzi alimfunga mkanda mkononi: 172 kwa 98. Hakumfokea. Alikishika kichupa, akakinusa, akauliza kilinunuliwa wapi. Kisha akamwambia, "Mzee wangu, miguu ikivimba njoo uniambie nikubadilishie, usiache kimyakimya. Huu unga uweke kando wiki mbili, tuone vidonge peke yake vinafanya nini. Na ng'onda punguza." Hapo kwenye ng'onda, samaki wake wa kukaushwa kwa chumvi, ndipo ami aliponuna. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo cha chai, na ami peke yake huimaliza kabla ya chakula cha mchana, kwa kipande kimoja cha samaki na achari ya ndimu.

Juzi nilipita tena. Mashine ilisema 148. Ami akanitazama kwa ushindi, "Unaona? Hothoni." Kichupa kilikuwa juu ya kabati, mahali alipoahidi kukiweka, na kando yake kijiko chenye unga.