Dakika 31, Eti

Jamani, aliyetengeneza kile kikokotoo cha umbali wa viwanja vya ndege, yeye husafiri kweli? Unaandika kiwanja hiki na kile, unabonyeza, kinakutemea jibu bila haya: kilomita 260, dakika 31. Basi mimi, mtu mzima na koti langu, nikawapigia wanaonipokea: msihangaike, nakuja sasa hivi.

Kumbe hesabu yao ni kupiga mstari wa mkato juu ya mgongo wa dunia, kisha kuugawanya kwa mwendo wa ndege ya mapanga iliyokwisha kutulia angani, kilomita 500 kwa saa. Kupanda hakumo. Kushuka hakumo. Mkaguzi anayetaka uvue mkanda, na suruali yenyewe inautegemea, hayumo.

Tiketi nayo inasema dakika 55, maana yenyewe inahesabu tangu ndege inaondoka kwenye maegesho mpaka inaegeshwa kule. Ila sisi tufike masaa mawili kabla. Kabla ya nini, wakati ndege haipo?

Nikamfuata binti wa mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndege yetu iko wapi?"

"Iko njiani, baba."

"Imesharuka?"

Akainong'oneza redio yake. "Inajiandaa kuruka."

"Sasa binti yangu, kinachojiandaa kuruka kiko njiani?"

Akatabasamu, lile tabasamu la kufundishwa. "Baba, ndege ni hiyo hiyo moja. Inaleta wa kule, ndiyo iwachukue nyie."

"Kule ndiko tunakokwenda? Kilomita 260?"

"Kilomita sijui, baba. Mimi ni wa mlangoni."

Nikakohoa kikubwa. Nikageukia abiria, nikawafanyia hesabu hadharani: kwa mwendo wa 500, tangu asubuhi tuko hapa, ndege hiyo ingeshakwenda na kurudi mara tatu, na rubani angepata usingizi kidogo. Mzee mmoja akadakia, "Sema, mheshimiwa!" Nikaona jimbo nimelipata. Binti akaniuliza kwa upole, "Baba, nikuletee fomu ya malalamiko?"

"Nataka ndege! Fomu ina mabawa?"

Sauti ilinitoroka, mtoto wa watu akaanza kulia. Na nilipokuwa nahutubia, ndege ilishatua nyuma ya mgongo wangu, wapiga kura wangu wote wako kwenye foleni. Mzee wa "mheshimiwa" ndiye wa kwanza. Mimi wa mwisho.

Tukaruka tukielekea upande usio wetu, kwa kuwa ndege huruka ikiukabili upepo, na upepo haukuwa na tiketi yetu. Ndipo ikageuka. Kilomita za kugeuka anazihesabu nani? Kufika, tukazungushwa juu kwa juu, eti kuna mwenzetu hajatoka kwenye njia ya kutua. Njia naiona! Nilitaka kushukia hapo hapo.

Magurudumu kugusa tu, watu wote wima, shingo zimepinda chini ya makabati, mlango umefungwa. Mnawahi nini, na mizigo iko tumboni mwa ndege? Halafu haya masanduku meusi, nani alitushauri sote tununue meusi? Mama mmoja kalikumbatia langu, anaapa zipu anaijua. Haya mama, fungua basi, utoe viatu vyako namba 44 uvae tuone.